Vyumba Vinne vya Kujisaidia

Jumanne, 17 Januari 2023

Leo sijanywa maji tangu asubuhi. Makusudi. Nikinywa nitabanwa, nikibanwa nitakwenda kwa Benjamini wa gesti, na Benjamini anataka mia tatu kabla hajatoa ufunguo. Mia tatu ya kukojoa! Wala haoni haya.

Saa mbili akapita Fredy wa ushuru na kimashine chake. Shikamoo Mama Maige. Marahaba, chukua yako upotee. Mia tano. Kimashine kikalia, kikatoa risiti. Mia tano ya kukaa juu ya gunia langu mwenyewe, kwenye jua la Mungu, nikiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa na dada yangu kule Ushetu. Soko hili lina miaka kumi na moja. Ushuru kila siku, Jumapili nayo. Chuo hakuna! Wanaume wanakojoa nyuma ya malori. Sisi je? Tuna malori ya kwetu?

Mchana akaja Gregory, afisa mapato. Viatu vyenye ncha, anaruka tope kama mbuzi. Akasema ushuru wetu unaingia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, unachanganywa na ya stendi na leseni na yale ya wachimbaji, halafu fungu fulani linaweza kurudi kwa wananchi. Bajeti ya mwaka mpya inafungwa mwezi huu. Rhoda wa dagaa akampigia kelele kutoka kule nyuma: tunataka mahali pa kukojoa, baba! Watu wakacheka. Gregory naye akacheka. Akasema, mama, mdomo hauingii kwenye bajeti. Andikeni barua.

Philomena, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake, akasema aandike Melania. Ndiye katibu, kamaliza fomu foo. Mbele ya watu nilinyamaza. Baadaye nikamfuata kwenye meza yake ya mitumba, mtoto mgongoni, anakunja suruali. Nikamwambia lete hiyo kazi. Mwandiko wako kama kuku amechakura. Mimi Scolastika niliishia la nne, lakini la nne la viboko. Padri alikuwa anawaonyesha wenzangu daftari langu. Wewe utasaini na kupiga muhuri, basi. Na usiwaambie hao wanawake, watasema Mama Maige anajifanya.

Akasema ndiyo, mayu, ndiyo mama. Mpole yule mtoto. Mpole mpaka anakera.

Ijumaa, 20 Januari 2023

Nimeiandika mara tatu. Ya kwanza wino ulimwagika. Ya pili mistari ilipanda mlima. Ya tatu safi! Nainakili hapa, isije ikapotea huko kwao wakasema hawajaiona:

"Sisi wanawake wa soko tunaomba tujengewe chuo cha wanawake hapa hapa sokoni. Kiwe na vyumba vinne, milango yenye komeo, na maji. Wanawake wapate kujisaidia bila aibu na bila kutegemea wanaume. Ushuru tunalipa kila siku na risiti tunazo."

Bila kutegemea wanaume — hapo nampiga Benjamini na ufunguo wake.

Melania aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Akafungua mdomo. Nikamuuliza una nini, mwandiko unakushinda? Akasema hapana, mayu, mwandiko ni mzuri. Akasaini. Muhuri paa! Gregory ameichukua leo leo, kaitia kwenye faili bila kuisoma.

Jumatatu, 6 Machi 2023

Limepita! Ombi letu limepita kwenye baraza. Gregory amekuja mwenyewe. Vyumba vinne, milioni tisa, mwaka wa fedha ujao. Philomena alipiga kigelegele mpaka mbuzi wa mnadani wakakata kamba. 

Lakini kuna sharti. Pesa itatoka ikiwa soko letu litafikisha lengo. Milioni nane kabla Juni haijaisha. Tusipofikisha, fungu linakwenda kata nyingine.

Basi nimekuwa askari. Rhoda ana tabia moja: akimwona Fredy anafunika dagaa kwa kanga, anashika kikapu, anakuwa mteja. Anauliza bei za nyanya! Leo nimemvua hiyo kanga ya dagaa mbele ya Fredy. Hii meza ni ya huyu hapa, mkatie risiti. Rhoda akanitukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, vyote viwili. Akasema, mayu, umeolewa na serikali? Nikamwambia ndiyo, na mahari ni vyumba vinne.

Fredy naye nimemshika. Alimwambia Sesilia wa mchicha: toa mia mbili, risiti tuache. Nikamvuta shati. Wewe mtoto, hiyo mia mbili inaingia bajeti ipi, ya tumbo lako? Akasema nilikuwa natania, bibi. Kimashine kikalia.

Sasa hivi kila mtu ananichukia. Sawa tu. Watakapokuwa wanafunga komeo kwa ndani watanikumbuka.

Alhamisi, 15 Juni 2023

Siku nne sijaenda sokoni. Kiuno, na nikikojoa kama naunguzwa. Zahanati wamesema yutiai. Nesi, kabinti kadogo, ananigombeza mimi: bibi, kunywa maji mengi! Nikamuuliza ninywe niyapeleke wapi. Dawa elfu kumi na nne.

Mwanangu Maige amepiga simu kutoka machimboni Nyarugusu. Nilimwambia habari ya lengo. Akacheka mpaka akakohoa vumbi la duara lake, hilo shimo wanalochimba dhahabu. Mama, sisi mawe yetu yanakatwa mrabaha, yanakatwa ushuru, yanakatwa na mwenye shimo, tunagawana chenji. Kila mwaka tunaambiwa zahanati itajengwa. Hatujaona hata tofali. Na wewe unawasaidia kukusanya?

Nilimkatia simu. Kwanza hajatuma hela tangu Pasaka, anifundishe nini.

Fredy alifika mpaka nyumbani kunipa pole. Nikampa elfu mbili za siku nne ambazo sikuuza. Akasema, bibi, asiyekuja halipi. Nikamwambia kata. Lengo.

Ijumaa, 30 Juni 2023

Milioni nane na laki moja na ishirini! Gregory kasoma kwenye simu yake mbele ya watu wote. Tumefikisha! Rhoda alinikumbatia, ananuka dagaa, nikamwacha anuke. Hata Melania alicheka, nikaona kumbe ana mwanya. Philomena akasema, bila Mama Maige tusingefika. Wabeja, mayu, asante sana!

Leo nilikunywa maji. Vikombe viwili. Nikaenda kwa Benjamini, nikamwekea mia tatu mezani nikamwambia hizi uzitunze, ni za mwisho mwisho.

Jumanne, 12 Septemba 2023

Miezi miwili na nusu tumengoja fundi. Leo asubuhi limekuja gari. Tukasema hao! Philomena akaondoa watu kwenye kile kipande cha nyuma tulichokwisha kufyeka.

Hawakushusha tofali. Walishusha hema. Viti vya plastiki vyenye vitambaa. Spika. Soda kreti kumi na mbili. Na fulana, za njano, zimeandikwa MWANAMKE JISAIDIE.

Wakatuketisha. Binti mmoja mwenye kucha ndefu akashika kalamu nene, akatuuliza: akina mama, mtaji ni nini? Akaninyooshea kidole mimi. Bibi, wewe unajua faida inapatikanaje? Mimi! Nimeuza michembe tangu mama yake hajaota meno! Nikamwambia faida ni hiki kiti unachokalia, nimekilipia mimi. Akasema, makofi kwa bibi. Wakapiga.

Philomena akamfuata Gregory, na sisi tukamfuata Philomena. Vyumba vinne viko wapi? Gregory akafungua karatasi, akasoma kwa sauti. Chuo cha wanawake. Vyumba vinne. Wanawake wapate kujisaidia bila kutegemea wanaume. Akasema kamati ilikaa. Kujenga chuo kwa milioni tisa haiwezekani, na kiwanja cha soko hakitoshi. Kwa hiyo fedha imehamishiwa kwenye mafunzo ya wanawake kujisaidia kiuchumi. Siku tatu. Posho za wakufunzi, hema, fulana, chakula. Fedha imeshatumika, akina mama, furahieni.

Rhoda akapasuka. Chuo? Nani kaomba chuo hapa? Nikasome wapi, kwenye dagaa? Tuliomba choo! Choo, wewe baba, cha kunyea!

Gregory akasema mimi nafuata maandishi.

Nilisimama pale na soda yangu. Nilisikia maneno mawili. Moja la Gregory, moja la Rhoda. Mdomoni kwangu hayo yote ni neno moja, sijawahi kuyatenganisha, na nikisema watu wananielewa maana naonyesha na mkono.

Labda mpiga chapa wao kakosea. Wale wasichana wa kompyuta wanatafuna bigijii huku wanaandika.

Kesho naenda kuiona barua.

Jumatano, 13 Septemba 2023

Nimeiona. Karani wa kata alifungua faili, akaniachia, akaendelea na chai yake. Wino wangu wa bluu. Mistari imenyooka. Nzuri kuliko karatasi zote mle ndani.

Chuo.

C-h-u-o. Hata mtu asiye na miwani anaiona.

Nimerudi nyumbani nimefungua humu. Januari, chuo. Kwenye barua niliyonakili, chuo. Mwezi mzima, mwaka mzima, nimeandika kitu cha kusomea na kumbe nataka kukojoa. Choo. Ch-o-o. Nimeandika mara kumi pembeni ya ukurasa kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nilipotoka ofisini wanawake walikuwa nje wananingoja. Philomena, Rhoda, Sesilia na wengine. Mayu, umeona? Nikasema nimeona. Wamekosea wao? Nikasema — sikusema. Nilikohoa. Rhoda ndiye aliyesema: sahihi ni ya nani? Muhuri ni wa nani? Si wa huyu msomi wetu! Fomu foo, na choo kinamshinda! Wakaanza. Ndiyo maana ni mkimya. Kapewa kitu na Gregory. Kauza choo chetu kwa bei ya gauni. Mume mwenyewe hana, hela ya robota jipya la mitumba kaitoa wapi?

Hapo ningefungua mdomo. Mdomo huu ambao haujawahi kufungwa na mtu, hata marehemu mume wangu alishindwa. Leo umejifunga wenyewe.

Philomena kaitisha kikao Jumamosi. Melania atolewe ukatibu, atolewe kikundini, na meza yake chini ya paa apewe Sesilia. Meza ile ndiyo mtoto wake analalia mchana.

Na Gregory je? Nalisema hapa kwa sababu kule sikulisema. Tulimwambia kwa midomo yetu, Januari, kila mtu anasikia, mahali pa kukojoa! Alicheka. Alijua. Herufi moja haiwezi kula milioni tisa peke yake, ilikuwa na wenzake mezani. Lakini yeye anayo karatasi ya kujifunika. Nani kampa? Mimi nimempa. Tena kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, 14 Septemba 2023

Leo siku ya mwisho ya mafunzo yao. Wametoa vyeti. Changu kimeandikwa Schoolastica. Nimefungia karanga.

Saa kumi nilikuwa uani natwanga, Melania akaingia. Shikamoo, mayu. Marahaba. Sikusimamisha mchi. Akakaa kwenye kigoda, mtoto akaanza kuokota michembe iliyodondoka na kuitafuna.

Nikasema umekuja kudai. Akasema hapana. Nikasema basi umekuja kuniambia nikaseme. Akasema hapana, mayu, nimekuja kukuambia mimi niliona.

Mchi ukasimama.

Uliona nini? Akasema niliona siku ile ile. Januari. Nilisoma mara mbili, nikataka kukuambia hii siyo o. Ukaniuliza kama mwandiko unanishinda. Na mimi nikasema kwa roho yangu, Gregory ametusikia, anajua ni choo, si ataelewa? Nikapiga muhuri.

Nilimwuliza kwa nini hukusema baadaye, miezi yote hiyo! Uliniacha namvua Rhoda kanga! Akanitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akasema, mayu, nani sokoni anaweza kukusahihisha wewe? Mara ya mwisho nilikwambia chenji yako imepungua mia, ulinitangaza wiki nzima. Shangazi yangu alisikia mpaka Katoro.

Kweli. Nilimtangaza. Na mia ilikuwa imepungua.

Nikamwuliza Jumamosi utasema? Akasema hapana. Kwa nini? Akasema watu wakikucheka wewe, mayu, hutainuka tena. Mimi ni kijana, nitatafuta meza kwingine. 

Nilimfukuza. Ndiyo, nilimfukuza! Nilimwambia toka uani kwangu, nani kakuomba unionee huruma, mimi nihurumiwe na mtoto wa mitumba? Alimbeba mwanawe akaondoka, mtoto bado ana michembe mashavuni.

Sijala.

Jumamosi, 16 Septemba 2023

Naandika sokoni, kikaoni. Philomena amesema kwa kuwa katibu ndiye mshitakiwa, aandike mwenye mwandiko. Wote wakasema Mama Maige! Wakapiga makofi. Nimepewa karatasi ya kikundi na kalamu ya kikundi. Daftari langu liko chini ya karatasi. Wakibishana naandika humu, wakitulia naandika yao. Wanaona mkono unakwenda tu.

Tuko thelathini na moja. Fredy alipita katikati ya dua akitaka ushuru. Wamelipa wote. Hata Rhoda! Wamezoea. Mimi nimewazoesha. Kimashine kimelia mara thelathini na moja ndipo tukasema amina.

Gregory hayupo. Kaandikiwa, hakujibu. Kwa hiyo hasira yote iliyokuwa ya watu wawili imebaki kwa mmoja.

Melania amesimama mbele, mtoto mgongoni. Philomena anamwuliza barua umeandika wewe? Anasema sahihi ni yangu. Hukuulizwa sahihi! Anasema muhuri nao ni wangu. Rhoda anasema mwaka mzima nakojoa kwa hesabu kwa ajili yako, wewe! Sesilia anaitazama ile meza.

Mwingine anasema arudishe milioni tisa. Wanacheka. Mwingine anasema kwao huko ni hivyo hivyo. Kwao wapi? Kwao ni Shinyanga, kama sisi!

Nimeinua mkono. Philomena akasema subiri, mayu, wewe ni mkubwa, utafunga na neno la busara. Kwanza andika uamuzi.

Neno la busara.

Wamepiga kura. Wanaotaka aondoke: ishirini na tisa. Nimehesabu mimi, nimeandika ishirini na tisa. Melania hakupiga. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, wakadhani ndiyo sababu.

Sasa Philomena anasoma maneno, mimi naandika kwenye karatasi yao. Anasema, andika vizuri, mayu, hii itapelekwa kwa mtendaji. Kikundi kimebaini kwamba kosa. Nimeandika. Lililotupotezea choo. Nimeandika, o mbili, nimezikagua. Lilifanywa na. Nimeandika na.

Anasema, jina.

Mtoto wa Melania anapiga chafya. Melania ananitikisia kichwa, kidogo, kama unavyomkataza mtoto asiguse moto. Ananikataza, mimi! 

Nimeandika herufi moja. Kubwa.

Rhoda amesogea, anachungulia begani kwangu. Hajui kusoma. Anasema, mayu, hiyo mbona imejikunja kama nyoka? Melania siyo hivyo. M mimi naijua, iko pale kwenye kibanda cha kutuma hela, ina miguu mitatu —